Aliyerudi Si Baba

Mama Simiyu mpenzi,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi hii ya Uingereza inayoingia hadi kwenye meno. Mko salama hapo Kibomet? Mahindi mmeshapalilia? Mimi ni mzima wa mwili, ila picha uliyonitumia Jumapili imeninyima raha. Naandika kwenye karatasi niipige picha nikutumie, kwa sababu kwenye simu nikianza kufoka unakata.

Simiyu wetu, miaka sita, aliyerithi jina la marehemu baba yangu, amekaa kwenye kiti chake kule Bungoma kwa mama, kofia ya mzee kichwani. Nilidhani nimeona maiti. Mashavu yale, macho yaliyobaki mistari miwili: ni baba, mwaka wake wa mwisho. Kisha nikasikiliza ile sauti uliyorekodi, mama yangu akicheka: "Kuka, babu yake, amerudi, bana! Si nilisema jina litamshika?" Nawe ukaongeza kwamba mtoto sasa anatembea polepole kama babu yake, anasinzia kitini mchana kama babu yake, viatu vimemkataa, na mkojo una povu, kama mzee alivyokuwa akilalamika. Ati mnashangilia!

Mama Simiyu, mzee aliuawa na figo. Aliyerudi si baba. Ni maji, yamejaa chini ya ngozi ya mtoto.

Unajua nasukuma vitanda kwenye wodi ya figo za watoto. Mwisho wa ukumbi kuna chumba cha daktari bingwa. Alistaafu, na mpaka leo hajapatikana mwingine. Taa ya humo hujiwasha mtu akikaribia. Basi kila nikipitisha mtoto, chumba kinawaka ghafla, kiti kitupu kinatutazama, kisha giza. Kuna msichana mmoja hupunga mkono kila tukipita. Nikamuuliza anampungia nani.

"Daktari," akasema. "Huwa haongei."

Nikaenda kumvamia daktari kijana aliyekuwa zamuni. "Kwa nini hamsomei figo za watoto?" nikamuuliza.

"Mzee, masomo ni marefu. Unaitwa hata Krismasi. Wenzangu wanaogopa."

"Wanaogopa watoto?"

"Wanaogopa kuwa peke yao."

Nilimfokea, halafu nikaona haya, maana yeye angalau alikuwepo. Hasira yangu ni kwa wakubwa. Ikiwa huku kwenye utajiri kiti ni kitupu, kwetu je? Wanajenga, wanakata utepe, wanapigwa picha, halafu hawampi kijana hata mmoja sababu ya kusomea kazi hii. Hospitali bila daktari ni kaburi lenye madirisha, na nitalisema hilo hata mbele ya gavana.

Nikamwonyesha yule daktari kijana picha ya Simiyu. Hakucheka. "Apimwe mkojo kesho," akasema. "Watoto wakiwahiwa, wengi hupata nafuu kwa vidonge."

Kwa hiyo nenda ukamtoe Bungoma kesho asubuhi. Mama atakwambia nyinyi watu wa kutoka Mkoa wa Kati hamjui mambo ya majina yetu. Mwambie ni amri yangu, na akitaka kulaani anilaani mimi. Zahanati wakikupa dawa ya minyoo, kataa kuondoka. Dai mkojo upimwe. Dai barua ya kumwona daktari wa figo za watoto, hata akiwa mbali, hata wakikwambia hayupo. Keti hapo mpaka wachoke kukuona. Huo ukali unaoniwekea mimi kwenye simu, safari hii uwapelekee wao.

Msalimie dada yako mwenye duka Kiminini, umwombe akusindikize. Msalimie kaka yangu mkubwa, mlinzi wa boma la mzee. Mama mwamkie kwa heshima zote. Simpendi kidogo, nampenda sana, lakini amekosea.

Ukimfikia Simiyu, mbonyeze kwenye muundi kwa kidole gumba, kisha uachilie. Shimo likibaki, ndiyo hayo maji; usinijibu. Mbebe uende.

Mumeo anayekupenda hata anapofoka,
Wanjala