Njaa ya Masanja

Geita

Shikamoo Mama,

Natumaini mvua imeshafika huko Didia. Huku jua linachoma, na vumbi jekundu linaingia hadi kwenye chai.

Mdogo wangu Masanja nimemkuta mzima, na huu ni mwezi wa nne hajaonja gongo. Jana tulikwenda sokoni kununua dagaa. Tulipokaribia kilabu alichokuwa akinywea na wachimbaji wenzake, alisimama ghafla, jasho likamtoka. "Dada, nishike mkono," akasema. Nikamshika kama alipokuwa mtoto, tukazungukia njia nyingine.

Sokoni akala maandazi saba, akashika la nane. Nikamuuliza, "Wewe, tumbo halijai?"

"Tumbo limejaa, Dada. Ni ubongo. Nesi wa zahanati aliniambia pombe iliuzoesha raha kubwa, sasa unaitafuta popote, hata kwenye sukari. Utatulia, ila polepole."

Maneno hayo yalinigusa, Mama, maana tangu tumzike mume wangu, Baba Neema, nami nikibaki peke yangu hula hata nikiwa nimeshiba, kisha najiita mlafi. Nikamweleza. Hakucheka. Alirudisha lile andazi, akasema, "Basi inuka, tutembee kidogo."

Uliniagiza nimwambie ni tamaa tu, na aone aibu. Nimeshindwa. Jumapili baada ya misa atakupigia. Tafadhali pokea, umwite "mwanangu". Anaogopa ukimya wako kuliko shimo refu la dhahabu.

Mungu akutunze, Mama yangu. Nakukumbuka mno.

Binti yako,
Kabula