Cucu Amenituma Kwako

Baba,

Nimeketi kwenye ngazi za nyuma, hapa Kiganjo, ulipokuwa ukivulia gambuti ili Mama asione matope. Nimemaliza kidato cha nne. Hukungoja. Nilitaka uwe kwenye lango la shule siku ile ya mwisho, unapiga honi ya lori lako la maji na kunitia haya mbele ya wenzangu. Sasa ningefurahi mno kuaibika.

Mvua imerudi. Mto umevunja kingo tena, na vile vijiji vya chini ulivyopelekea maji wakati wa mafuriko yaliyopita vimefunikwa na matope. Vyoo vimefurika, visima vimechafuka, watoto wanaharisha. Kanisa liliomba lori lako na Mama akakubali. Anayeendesha ni rafiki yako Mzee Mwaura. Mimi nakaa kando yake na kushughulikia bomba. Tunajaza Ruiru, kwenye kisima cha kanisa, na kutia dawa kama ulivyofanya. Wewe ulikuwa ukigonga tangi kwa kidole na kusema, "Nusu na kidogo." Mimi nagonga, nasikia chuma tu.

Jumamosi nilikosea, Baba. Nilifungua bomba nikaacha maji ya kwanza yamwagike chini. Lazima yatoke, kwa sababu yanabeba kutu ya paipu. Nilichosahau ni karai. Wewe uliyakinga, ukamwita mama mzee kuliko wote anawe miguu, na hakuna aliyeona maji yakipotea. Mimi nilimwaga maji mekundu mbele ya watu waliokuwa wakinywa ya mtoni siku nne.

"Mmetuletea uchafu, na hata huo mnamwaga!" mama mmoja akasema. Akainua mtungi wake wa plastiki na kushika njia ya mtoni. Wengine wakamfuata. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, kichwa kimelegea.

Unaijua sauti yangu. Ulizoea kusema nikiombea chakula Mungu hulazimika kuinama asikie. Nikasema, "Ngojeni." Hakuna aliyegeuka ila cucu mmoja, bibi mfupi, mzee sana, aliyekuwa ameketi juu ya mtungi wake.

"Huyu anaongea kama amemeza pamba," akacheka. "Wee msichana, hao wanaenda! Piga kelele!"

Nikapiga kelele. Sijui ilitoka wapi. Niliwaambia ile ilikuwa kutu tu, waangalie yanayotoka sasa. Nikakinga kikombe, nikanywa chote, maji yakinishuka shingoni. Yule mwenye mtoto ndiye aliyerudi kwanza. Nikamjazia mtungi hadi mdomoni.

Zamu ya cucu ilipofika, aliniuliza, "Wewe ni wa nani?"

"Wa Karanja, wa lori la maji."

"Karanja! Yule aliyenibebea mtungi mpaka mlangoni! Ako wapi? Amenenepa, hawezi kupanda lori?"

Baba, nilishindwa kumwambia. Alikuwa akicheka, na kwa muda ule ulikuwa hai, umejinyoosha tu kwenye kochi nyumbani, miguu ikining'inia. Nilitaka ukae hivyo kidogo. Mzee Mwaura aliangalia pembeni. Nikasema, "Ako."

"Mwambie nimeshukuru. Na akuje anywe uji, asijifanye mgeni."

Ndiyo sababu naandika. Nimetumwa, na sijui njia nyingine ya kufikisha. Cucu ameshukuru. Anakungoja kwa uji.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri, nikimfikiria akiangalia barabara. Kumdanganya mtu mzima namna ile, wewe hungenikubalia. Lakini hata wewe, nadhani, ungeelewa jinsi ilivyo tamu kusema uko.

Tunarudi Jumamosi hii. Nakuahidi nitamwambia kabla hajabandika sufuria. Akilia, nitakaa naye hadi anyamaze. Na akinipa ule uji, nitaunywa mimi, wote, kwa niaba yako.

Pumzika sasa, Baba.

Mtoto wako,
Wanjiru