Mabawa ya Shashi na Meli Iliyogoma Mlangoni

Mpendwa mshauri, kwa heshima na majonzi makubwa nakutangazia kwamba nyumba yetu sasa ni nchi mbili, ya vimalaika wenye mabawa na ya maharamia, na mpaka unapita katikati ya sebule. Naomba msaada. Binti yetu wa kwanza anatimiza mwaka mmoja Jumamosi, na mimi ni fundi cherehani, nikasema nitamshonea mabawa ya shashi, yeye na wageni wake, nimeshashona jozi kumi na nne, na mume wangu, seremala, alikubali vizuri tu, mpaka wifi yangu alipokuja kutusalimia akamwambia, "Kaka, binti wa ukoo wetu apepee kama nondo kwenye taa? Mpe upanga!" basi tangu hapo mwanamume akaunda meli ya maharamia humo humo sebuleni, nikamuuliza itatokaje kwenda uani, akanijibu, "Mke wangu, mlango huu niliutengeneza mimi," meli ikaisha, ikagoma mlangoni, nami nikacheka, nikampigia wifi simu nikacheka tena, mume wangu akabeba msumeno akahamia karakana, leo siku ya tano, akija kuoga tunazungumza kupitia mtoto, "Mwambie mama yako anipishe," "Mwambie baba yako chakula kipo," na mtoto mwenyewe ana meno mawili. Naogopa sherehe itafika baba mtu hayupo. Nifanyeje?

Mama Mabawa

Mama Mabawa, pole. Pole zaidi kwa mjumbe wenu, aliyepewa ubalozi kabla hajajua kutembea.

Jozi kumi na nne! Hao wageni wanaotambaa umewaokota wapi? Tuseme ukweli: mabawa ni ya kuionyesha cherehani yako, na meli ni ya kuionyesha randa ya mwenzako. Mtoto mtampa zawadi, naye atatafuna boksi.

Ila kilichomhamisha mumeo si mabawa. Ni kicheko. Mtu kajisifia mlango mbele yako, mlango ukamuumbua, nawe, badala ya kuingia jikoni ukacheke kimya kimya kama mke mwenye akili, ukamtafutia shahidi. Tena dada yake!

Leo hii funika cherehani uende karakana kwa miguu yako. Mtoto mwache nyumbani, na neno "lakini" liache huko huko. Sema, "Baba, nilikosa kukucheka, rudi." Kisha nyamaza. Akinuna, mngoje. Sherehe ifanyike sebuleni, meli ikae ilipo, na hayo mabawa yaliyozidi yatundike kwenye mlingoti yawe matanga. Wifi mwalikeni, mpeni kazi ya kupuliza maputo, mdomo wake upate shughuli.

Na kadi uliyoniambatanishia inasema sherehe ni saa nane mchana. Saa nane mchana mtoto wa mwaka mmoja amelala.