Nyundo Waliyoisahau Kibarani

Alhamisi. Mvua ilinyesha alfajiri, kisha jua likatoka na ukali wake wote. Kibarani nzima inafuka mvuke, na mimi nimerudi sasa hivi kutoka mahakamani.

Nilichopoteza nakiandika kwanza, asije mtu akasema nazunguka. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa pili, saa tano asubuhi, nilipoteza mashine nane za gemu, runinga nane, na vidole viwili vya ndugu yangu Karisa. Vidole havikukatika. Vipo, ila havikunjiki tena, na daktari ametwambia tusitarajie.

Waliofanya hayo walitumwa na kampuni inayotengeneza gemu zenyewe. Jina lake silitaji. Kampuni ile hushtaki watu kama wengine wanavyopiga chafya, na mawakili wake husoma hata blogu ya mwanamke wa Kilifi asiye na wakili.

Maana sina. Wa kwanza niliyemwendea alisoma jina la mshtaki akanirudishia bahasha yangu kama iliyo na nge ndani. Wa pili alinishauri nikiri yote. Basi najitetea mwenyewe, na leo ilikuwa zamu yangu ya kuuliza maswali.

Wanasema gemu zao huuzwa kwa matumizi ya nyumbani tu, nami nikazifanyia biashara: vijana wanakuja, wanalipa, wanacheza. Sikatai. Kama kuna faini, niambiwe nilipe. Nilitoka Ganze na gunia la makaa kichwani. Makaa yakazaa mashine ya kwanza, ya kwanza ikazaa ya pili, hadi zikatimia nane. Kulipa ninachodaiwa sijaanza leo.

Ninachokataa ni nyundo.

Amri waliyopewa na mahakama nimeisoma hadi naiota. Waingie kwa ridhaa ya mwenye mahali, wakague, waorodheshe. Kuorodhesha mashine nane kunataka kalamu moja na mtu mmoja. Wao walikuja wanne.

Siku hiyo nilikuwa uani naosha vyombo. Nikasikia sauti ya kiume mlangoni, "Hodi hapa," nami nikaitika, "Karibuni, piteni ndani." Sikutazama ni nani. Nani huku kwetu hutazama kwanza? Hodi ikibishwa, ulimi huitika wenyewe. Ukikawia, jirani atakuuliza ulilelewa wapi.

Karibu hiyo sasa imo kwenye hati yao ya kiapo. Wameandika kwamba mshtakiwa alitukaribisha kwa hiari yake.

Nilipoingia chumba cha gemu, runinga ya tatu ilikuwa inapasuliwa. Vioo vilitapakaa mkekani, na ndara za wateja pale mlangoni zilikuwa zimekanyagwa hadi ukanda ukang'oka. Karisa alikuwa ameinama juu ya mashine moja, ameifunika kwa mkono. Jamaa mmoja mrefu mwenye buti hakumwambia ondoka. Alipiga. Nilisikia mfupa. Akainua nyundo akapiga tena palepale, polepole, kama mtu anayegongomea msumari.

Mkono ule wa Karisa ndio uliotengeneza kila kitu kilichowahi kuharibika mle ndani.

Nilimrukia nikamuuma bega, akanitupa ukutani. Majirani walipotokea na fimbo, wale wanne wakakimbia, na nyundo moja wakaisahau chini ya benchi. Tangu hapo ilikuwa ikilala chini ya kitanda changu. Niseme kweli: sikuiweka kwa ajili ya mahakama. Nimempasua yule mtu kichwa ndotoni usiku mwingi, na asubuhi naamka nimechoka kama niliyepasua kuni.

Leo asubuhi Bi Riziki, anayeuza mahamri ng'ambo ya njia, aliniona naifunga kwenye leso.

"Kadzo mwanangu, usimrukie mtu huko. Wakikuweka ndani, mimi dhamana sina. Nitakuletea mahamri tu, tena yaliyolala."

Askari wa langoni alinisimamisha. "Dada, nyundo haingii."

"Ni kielelezo."

"Hata ingekuwa ya dhahabu."

Tulibishana hadi karani akatoka, akaitia namba, akaichukua yeye mwenyewe. Alivyoibeba nikamshukuru Mungu. Mle ndani yule mrefu alikuwa keshasimama kizimbani, suti mpya, bega nililoliuma likiwa chini ya kitambaa, na ningekuwa na nyundo mkononi sijui ningefanya nini.

Nikaanza taratibu, kwa heshima zote.

"Bwana, wewe ni mwenyeji wa Pwani?"

"Nimekaa miaka."

"Ukikaribishwa nyumbani kwa mtu hapa Kilifi, viatu unaviacha wapi?"

"Mlangoni."

"Siku ile vyako uliviacha wapi?"

Akamtazama wakili wake. Wakili akasimama akasema swali halihusiani na kesi. Hakimu akasema, "Mimi nataka kulisikia jibu."

"Nilikuwa na buti," akasema.

"Ulizivua?"

"Hapana."

"Basi uliingia kama nani? Maana mgeni niliyemkaribisha mimi, huvua."

Watu nyuma wakaguna. Nikaomba nyundo. Ilipotua mezani, askari wawili walinisogelea. Nikaweka mikono nyuma, wasije wakadhani nataka kuishika. Damu ya Karisa imekaukia kwenye mpini na haijatoka.

"Hii ni yako?"

"Siijui."

"Imekuja yenyewe Kibarani?"

Hapo hakimu alinikanya, na alikuwa na haki. Lakini aliigeuza nyundo mara mbili, akamuuliza wakili wa kampuni: iliingiaje mahali ambapo amri iliruhusu kukagua tu? Wakili akasema atahitaji mwezi mmoja kuwasiliana na makao makuu. Hakimu akampa hadi Jumatatu saa tatu asubuhi, alete jibu kwa kiapo.

Karisa alinisubiri nje. Sikumweleza mengi. Alijaribu kunifungulia chupa ya maji, kifuniko kikamshinda, nikageuka nikajifanya natazama barabara.

Hasira haijapungua. Imepata tu mahali pa kukaa.

Mawakili, najua mnasoma. Kurasa ishirini sizitaki, wala "mteja wetu hakumbuki." Mlileta nyundo kwenye chumba mlichotumwa kukihesabu. Ni ya nani, na nani aliwaambia mje nayo? Nataka jina la mtu. Jumatatu, saa tatu asubuhi. Nitakaa benchi la mbele na Karisa pembeni yangu, mkono wake juu ya meza.