Panga Uliloniwekea Chini

Mama Zaina, mwenzangu,

Sikuulizi hali, maana huko uliko huumwi tena. Mimi mzima, ila mgongo unanigombeza kama ulivyokuwa ukinigombeza wewe. Nakuandikia kutoka barazani kwa binti yetu, hapa Kasongo. Ni mchana, Zaina amekwenda sokoni kuuza sabuni zake, nami nimeachwa kulinda nyumba ambayo hakuna mwizi anayeitaka. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi. Mwanaume aliyekuwa akiangusha miti, leo anafukuza mbuzi wa jirani wasile sombe, yale majani ya muhogo ya Zaina.

Nimenunua panga, ndiyo sababu ya barua hii. Kiangazi kimeingia, watu wa kule Wamaza wameanza kufyeka, na mimi nataka kurudi kambini kwetu, kwenye shamba letu la msituni, kulima mpunga. Zaina hataki. Anasema nikianguka kule msituni peke yangu, nani atajua? Nikamwambia nikikaa hapa barazani mwaka mwingine nitaanguka vilevile, tofauti ni kwamba watapatikana watazamaji. Hakucheka. Wewe ungecheka, halafu ungenikataza.

Lakini unaijua ile ardhi. Ukiiacha kiangazi kimoja, inaota vichaka. Ukiiacha cha pili, inaota miti, na miti hiyo haitangoja mzee apate nguvu. Vijana wa kukodi hawapo, wote wamekimbilia dhahabu Salamabila. Nisipokwenda sasa, siendi tena. Na kama siendi tena, kambi yetu imekwisha, nami nitakuwa mtu wa baraza mpaka siku watakaponileta huko kwako.

Nilipokuwa nachagua panga sokoni nilikusikia masikioni, nikakasirika, maana hata ukiwa haupo unaniingilia. Unakumbuka panga langu la kwanza? Tulikuwa tumeoana juzijuzi, na mimi nilitaka ujue umeolewa na mtu. Nikanunua refu kuliko yote dukani, jeusi, lenye karatasi nyekundu ubavuni. Ulikuwa unamenya mihogo. Ukaliangalia, ukaniangalia, ukaendelea kumenya. Baadaye ndipo ukasema, "Bwana, tunaenda kulima ao tunaenda mu vita?"

Siku ya pili kambini kifundo cha mkono wangu kilivimba. Ukafyeka peke yako, nami nimekaa juu ya dungu kama chifu, nikiamia ndege wakati mpunga wenyewe haujapandwa. Hukunisema. Uliimba tu, na kuimba kwako siku ile kulikuwa kunisema.

Ndipo ukanifundisha, ingawa sikukubali kuwa nafundishwa. Ulinisimamisha wima, mkono ukining'inia na panga limeshikwa, ukatazama ncha inafika wapi. Ikipita kifundo cha mguu, halinifai. Ukaligonga kwa ukucha na kutega sikio. Ukalikunja kidogo gotini na kuliachia, kuona kama litarudi lilikotoka au litabaki limepinda. Ukatazama kama chuma kinaingia mpinini mpaka mwisho, au kinaishia njiani. Panga zuri la kambi, ulisema, ni lile ambalo mkono unasahau kuwa umelishika. La kwangu lilishindwa kila mtihani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tukaenda kwa yule mhunzi wa Wamaza atufulie jingine, wewe umebeba kichwani kipande cha resori, springi ya lori lililokufa barabarani. Ulisimama pale mpaka mhunzi akachoka nawe. Alipolileta ukamrudisha motoni, tumbo la panga bado nene. Alipotaka kutia mpini wa plastiki ukamwambia plastiki ni ya ndoo. Mpini niliuchonga mimi, mti wa mpera, na hapo angalau ulininyamazia. Shoka lilikuwa langu peke yangu, kwa miti. Lakini panga lile lilikuwa letu sote wawili, zamu kwa zamu: mmoja anafyeka, mwingine anakusanya majani na kupumua.

Na zamu ya kwanza kabisa, nilipochoka, nikakunyoshea. Ukarudisha mikono nyuma kama nimekupa nyoka.

"Weka chini," ukasema. "Kitu ya makali ikipita mukono kwa mukono, inakata ile iko katikati ya batu. Mi na weye hatuyamalizana."

Kweli, tulikuwa bado hatujamalizana. Nikaliweka chini, mpini umeelekea kwako. Ukainama, ukaliokota. Kwetu pia wazee walisema hivyo, ila mimi niliyachukulia kuwa maneno ya wazee. Kwako yalikuwa sheria. Tangu hapo hatukupeana kamwe. Anayechoka analiweka, mpini upande wa mwenzake, na aliyewekewa ndiye anayeliokota, si mtu mwingine. Hata Zaina alipokuwa mdogo aliruka pembeni asiliguse.

Ulipokuwa na hasira nami uliniwekea mbali. Nilijua kiasi cha kosa langu kwa urefu wa safari. Kosa dogo, hatua chache. Siku ile nilipomwalika shemeji yangu na familia yake nzima kambini bila kukuuliza, uliliweka ng'ambo ya kijito, kwenye njia ya siafu. Nilikwenda nikirukaruka, nikarudi nikirukaruka. Niliporudi ulikuwa umeketi chini, unacheka mpaka machozi, na jioni ile sombe ilikuwa na mawese ya kutosha.

Sasa sikia ya sokoni. Nilifanya kila ulichonifundisha. Niligonga, nikakunja, nikasimama wima katikati ya duka mkono ukining'inia, watu wakapita wakinitazama. Mwenye duka, kijana mpole tu, akaniuliza kama naumwa. Mapanga yote ni membamba siku hizi, Mama Zaina, yanaimba kama sahani. Nikachagua lililoimba kidogo kuliko mengine. Kijana akalifuta, akaninyoshea.

Nikamwambia aweke juu ya meza. Hakuelewa. Nikamweleza.

"Papa, unaogopa nini?" akasema, kwa upole kabisa. "Mi na weye hatuko ndugu. Itakata nini?"

Alikuwa na haki. Kati yangu na yeye hapakuwa na kitu cha kukatika. Nikapitisha macho sokoni, watu wamejaa, wauza mchele, wauza samaki wakavu, nikaona kwamba ningeweza kupokea panga mkono kwa mkono kutoka kwa kila mtu aliyekuwa pale na lisikate chochote. Nikanyosha mkono nikalipokea. Nimekuwa mpweke tangu ulipoondoka, lakini nadhani ni pale dukani nilipoujua upweke wangu vizuri.

Niliporudi nalo, Zaina akauliza swali nililolikimbia mwaka mzima. Papa, ile panga ya mama iko wapi?

Nikamwambia. Wewe huhitaji kuambiwa, lakini acha nikusimulie hata hivyo, maana hatukupata nafasi ya kuizungumza siku ile. Ulikuwa umefyeka tangu asubuhi, mimi nakusanya. Ukasema jua limekuwa kali. Jua halikuwa kali. Ukaliweka panga chini, taratibu, mpini upande wangu, ukasema unakaa kidogo. Ulikaa, kisha ukalala ubavu, na nilipokuita ulinijibu kwa Kibangubangu, lugha ya mama yako, ambayo hukuwahi kunisemesha kwayo. Nikakubeba mgongoni mpaka barabarani. Pikipiki ikatupokea, dereva mbele, wewe katikati, mimi nyuma nimekushika. Nilikuwa bado nakushika dereva aliposimama na kuzima injini, maana hapakuwa tena na haraka.

Panga lilibaki pale uliponiwekea. Mwaka mzima liko pale, mvua imelinyeshea. Zaina alitaka kumtuma dereva wa pikipiki alichukue. Nikamkatalia kwa sauti ambayo haikustahili mtoto wetu. Panga nimewekewa mimi. Akaliokote nani mwingine? Kisha akasema kama nalitaka, kwa nini nimenunua jingine? Ndiyo, hapo akanishika. Nimenunua jingine, Mama Zaina, kwa sababu sijui kama nikifika pale nitaweza kuinama. Nimetengeneza njia ya kulima bila kuliokota. Wewe uliliweka, na hilo ndilo jambo la mwisho ulilonifanyia duniani. Nikiliokota, zamu yako imekwisha kweli.

Zaina anarudi, nasikia sauti yake njiani akimsalimu jirani. Naacha hapa.

*

Sasa nakuandikia kutoka kambini.

Asubuhi ya kuondoka nilitafuta panga jipya nisilione. Nikajua Zaina amelificha, nikaanza kupandisha hasira. Nilipofungua mlango nikalikuta kizingitini, chini, mpini umeelekea ndani, kwangu. Yeye alikuwa amesimama uani, mikono nyuma, macho mekundu. Niliinama nikaliokota mbele yake. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna mtu wa kukatika naye. Yupo mmoja, na nilikuwa nimemsahau nikiwa nakula ugali wake kila siku.

Pikipiki ilinifikisha Wamaza nimejaa vumbi mpaka kwenye meno. Nikapita kaburini kwako, nikakusomea dua, nikakwambia naenda. Kisha nikaingia njia ya msitu kwa miguu, na njia yenyewe haikunitambua. Kila mahali majani yamefunga. Panga jipya lilifanya kazi vizuri mwanzoni, kipya kinyemi, nikaanza hata kulisifu. Kwenye kisiki cha kwanza likapinda. Nikalikunja gotini kulirudisha, likarudi nusu. Najua ungesema nini. Nyamaza.

Banda letu limelala upande, paa limeanguka. Dungu limebaki miti miwili. Jiko lako la mawe matatu lipo, na katikati yake umeota mpapai, labda ni lile papai tulilokula pale tukatupa mbegu. Nilitandika mkeka, nikachemsha maji, nikajishughulisha na kila kitu isipokuwa kile. Nikafyeka kwanza upande wa kijito, ambako hakuna haja ya kufyeka. Nilikuwa nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mwisho nikakosa pa kuzunguka. Nikafyeka kuelekea pale ulipokaa, polepole, kwa lile panga lililopinda, nikipeleka majani pembeni kwa mguu nisije nikaligonga.

Lilikuwepo. Chuma kimekuwa chekundu chote. Mpini wangu wa mpera mchwa wameula, Mama Zaina, hawakuacha hata ujiti. Lakini unajua mchwa wanavyofanya kazi, wanakula mti na kujaza udongo. Mpini ulikuwepo bado, wa udongo mtupu, umbo lilelile nililolichonga. Na ulikuwa umeelekea pale niliposimama siku ile nikikusanya majani. Mwaka mzima, mvua yote ile, umeelekea kwangu.

Nililia. Sikulia siku ya maziko, watu walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na neno lake. Kule msituni nililia kama mtoto aliyepotea sokoni, na hakuna aliyeniambia nijikaze.

Kisha nikainama. Mgongo ukagoma, nikapiga goti. Nilipoushika mpini ukavunjika mkononi, ukawa vumbi, nikabaki nimeshika chuma. Nikakipeleka kijitoni, nikakisugua kwa mchanga, kisha kwa lile jiwe lako la kunolea, ambalo nalo lilikuwepo mahali pake. Chini ya kutu chuma ni kizima. Nikakigonga kwa ukucha, nikatega sikio. Sauti ni ileile, nzito, fupi. Nikakikunja gotini, kikarudi kilikotoka.

Leo nimechonga mpini mpya. Mpera sikuupata karibu, nimetumia mti mwingine mgumu, utanivumilia. Nimeutia, nikasimama wima, mkono ukining'inia. Ncha haifiki kifundo cha mguu. Nimefyeka nalo kuanzia pale ulipoishia, na baada ya muda mkono ukasahau kuwa umelishika. Sehemu yako bado inaonekana, visiki vyake vimekatwa chini, vyote kwa mshazari mmoja. Vyangu vimepanda na kushuka. Mtu yeyote akipita atajua mpaka uko wapi.

Nimemwahidi Zaina kwamba kila Ijumaa nitatoka hadi Wamaza kuswali na kumpigia simu. Panga jipya nimelinyosha kidogo, nitalitumia kumenyea mihogo. Mpunga ukipatikana, gunia la kwanza ni lake, maana amenivumilia.

Nakosa kelele zako. Nakosa kugombezwa. Usiku nikijigeuza nasogea pembeni nikupishe, halafu nakumbuka. Sijui haya yataisha lini, na sijui kama nataka yaishe.

Jua linashuka, mkono umechoka, zamu yangu ya leo imetosha. Nimeliweka panga letu chini, mpini upande wako, kama siku zote.

Asubuhi nitaliokota mwenyewe.

Lala salama, Mama Zaina. Hatuyamalizana.

Mumeo,
Baba Zaina