Niliazima Sauti ya Papa Zuberi

Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Mvua imeanza kabla ya adhuhuri na haina dalili ya kuchoka. Kutoka hapa Kamembe ziwa halionekani kabisa, ni weupe mtupu, na Bukavu, ng'ambo ya mpaka, ni kama haijawahi kuwepo.

Naandika nikiwa katika chumba changu cha kurekodia, nyuma ya duka la Papa Jospin. Hakina dirisha. Kuta nimezifunika vipande vya godoro ili kelele za barabarani zisiingie, lakini ukuta wa upande wa ukumbi, pale watu wanapoangalia filamu, godoro halikutosha. Kwa hiyo kila siku kuanzia saa kumi naisikia sauti yangu mwenyewe ikipiga domo upande wa pili.

Leo sitaki kuisikia, na nje kuna mvua.

Kwa anayefika kwenye blogu hii mara ya kwanza: naitwa Deo, na kazi yangu ni kutafsiri filamu. Filamu inakuja na Kiingereza chake, mimi napunguza sauti ile, nashika maikrofoni, nasema kila kitu kwa Kiswahili chetu, wanaume, wanawake na mbwa. Papa Jospin, patron wangu, anaionyesha ukumbini, kisha anaiuza kwenye fleshi na kadi za simu. Mambo mawili yamenipa jina. Kwanza, sauti za waigizaji naziazima kwa watu wa hapa: jambazi anaongea kama dereva fulani wa teksi, bibi harusi anaongea kama muuza sambaza, wale samaki wadogo, wa kisiwa cha Nkombo. Watu wanacheka mpaka wanapiga viti. Pili, sitazami filamu kabla. Natafsiri mara ileile ninapoiona. Papa Jospin anataka itoke kabla watafsiri wa Bukavu hawajaitoa, na mimi, niseme ukweli, nilikuwa najivunia. "Deo hakoseake," wanasema.

Nimekosea.

Wiki tano zilizopita alileta filamu ya upelelezi. Nchi ya baridi, mpelelezi mwanamke, na genge la watu wanaotaka kulipua soko la mji wao. Si wageni. Ni wenyeji, watu wenye majirani na bustani za maua, waliokaa wakalishana chuki mpaka ikaiva. Katika dakika ya kumi hivi akatokea mzee mmoja mwembamba, chumba cha nyuma, mlango nusu umefungwa, meza imejaa redio na nyaya. Nikasema moyoni, huyu ndiye fundi wa mabomu. Na bila kufikiri hata kidogo nikampa sauti ya Papa Zuberi.

Papa Zuberi ni fundi redio, karakana yake iko nyumba ya nne kutoka hapa. Maikrofoni hii niliyo nayo ameitengeneza labda mara kumi. Anakaa na mlango nusu umefungwa kwa sababu vumbi la barabara linaingia kwenye mashine. Akishika chuma cha moto kuunganisha nyaya, anakohoa mara mbili, halafu anaziambia zile redio: "Pole pole, batoto. Moto haipendake haraka." Kila mara. Nimeyasikia maneno hayo tangu nikiwa na suruali fupi.

Nikamwekea yule mzee wa filamu kikohozi kile. Nikamwekea na maneno yale. Akawa anafunga nyaya, muziki wa kutisha unapiga, na mimi nasema pole pole, batoto, moto haipendake haraka. Nikajisifu ndani ya chumba hiki hiki.

Sasa nifike pale ninapokwepa.

Zikiwa zimebaki dakika tatu, filamu ikanigeuka. Yule mzee hakuwa mbaya. Ndiye aliyekuwa akimpelekea mpelelezi habari muda wote. Alikubali kutengeneza redio za lile genge ili awasikilize. Soko liliokoka kwa ajili yake. Mwishoni mpelelezi anakwenda kwake, anamshika mkono kwa mikono yake miwili, anatoa machozi.

Na mimi nilikuwa nimeshawaambia watu kwa saa moja na nusu kwamba ni muuaji.

Ningeweza kusimamisha. Ningeweza kurekodi upya siku iliyofuata. Lakini Papa Jospin alikuwa anagonga mlango na fleshi mkononi, na jina langu ni Deo asiyekosea. Nikasema mpelelezi amekosa ushahidi, nakumbuka kila neno: "Munaona, anamushika mukono ju hana preuve. Muzee ameponyoka. Bantu ya Kamembe, muangalie majirani yenu, huyu muntu angali kati yetu."

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu umeponza kichwa cha mwingine.

Mwanzoni ilikuwa kicheko. Watoto wakipita karakana wanakohoa mara mbili na kukimbia. Papa Zuberi mwenyewe alicheka, hajui filamu, alidhani ni mchezo wa watoto tu. Halafu mama mmoja wa Giheke akaja kuchukua redio yake haijatengenezwa, akasema mumewe amebadili mawazo. Halafu mwingine. Kwenye umuganda wa juzi Jumamosi, kazi yetu ya pamoja ya mtaa, tulikuwa tunazibua mtaro, na nikaona kwa macho yangu: watu wamesimama bega kwa bega, lakini pembeni mwa Papa Zuberi kuna nafasi ya kutosha watu watatu kila upande. Alikuwa anachimba peke yake na kofia yake nyeupe imelowa jasho.

Ile kofia. Naapa sikuifikiria nilipoazima sauti. Mimi ni wa parokia, yeye ni wa msikitini, tumeishi hivyo miaka yote na chakula cha Idi kinafika mezani kwangu. Sikuifikiria, lakini wengine wameifikiria kwa niaba yangu. Na katika nchi hii kila mtu aliyevuka umri fulani anajua jirani akishaanza kuonyeshwa kidole mambo yanaweza kufika wapi; tulizika watu wengi kwa njia hiyo. Sisi si watu wa kuchezea hilo. Nami nimelichezea ili nisionekane sijui Kiingereza.

Baada ya umuganda, chef wa mudugudu, kiongozi wa mtaa wetu, akanivuta kando.

"Papa Neema," akaniita kwa jina la mwanangu, "kuna bantu banauliza juu ya atelier ya Papa Zuberi. Bale banaume banakaaka mule kusikiliza radio, mulango nusu. Mardi ku inteko tutaongea. Ulete micro yako, na usisahau, mara ya mwisho ilikuwa inakatika."

Inteko ni mkutano wetu wa kila Jumanne, wakaazi wote. Spika inatoka kwa Papa Jospin, maikrofoni inatoka kwangu. Ndiyo hii. Waya wake umechanika shingoni, na katika Kamembe nzima mtu wa kuitengeneza vizuri ni mmoja.

Jana nilimwambia Papa Jospin tuiondoe filamu, nirekodi upya. Akanitazama kama nimeomba kuoa mke wake. "Iko mpaka Nkombo, iko mpaka Bukavu. Utazunguka kukusanya fleshi? Na mutafsiri haombake pardon, Deo. Siku moja ukisema ulidanganya, bataamini filme gani tena?"

Maji yakimwagika hayazoleki, ni kweli. Mke wangu, Maman Neema, anavuka mpaka kuuza vitenge, ananiambia hata kule Bukavu, soko la Kadutu, watu wanakohoa mara mbili na kucheka. Nilipomweleza usiku nia yangu ya kusimama kwenye inteko, aliacha kukunja vitenge. Kisha akasema: "Na bakisema Papa Zuberi ndiye amekutisha useme hivyo?"

Sikuwa nimeliona hilo. Nikinyamaza, namzika. Nikisema, huenda nikamzika pia, na kazi yangu juu yake. Sikulala vizuri.

Leo asubuhi nilikuwa na wazo la kijinga, nitaliandika kwa sababu nimeahidi kutojificha humu. Niliwaza niiache maikrofoni hivyohivyo, mbovu. Labda bila sauti mkutano utakuwa mfupi, labda la Papa Zuberi halitafikiwa. Mtu mzima, baba wa mtoto, natumaini waya uliochanika uniokoe.

Saa nane nikavuka mvua nikaenda kwake.

Karakana ilikuwa tupu. Zamani mvua kama hii ungewakuta wanaume sita mle ndani wakibishana mpira. Rafu ya redio za kutengeneza ilikuwa na redio mbili. Papa Zuberi alinipokea kama kawaida, akanipa kitambaa nijifute uso, akauliza hali ya Neema. Akaichukua maikrofoni, akaigeuza, akaifungua.

Nilijua anachofanya hatua kwa hatua. Akakohoa mara mbili. Akashika chuma cha moto. Nikasubiri.

Hakusema kitu.

Aliunganisha waya wa kwanza kimya. Akaunganisha wa pili kimya. Midomo yake ilifunguka kidogo, nikaiona, halafu akaifunga. Katika maisha yangu yote sijawahi kusikia kimya katika karakana ile. Machozi yakanijia, sikuyazuia.

"Papa Zuberi," nikasema, "ile filme. Ule muzee hakukuwa mubaya. Ni miye nilikosea, na nikaficha."

Nikamweleza yote, mpaka zile dakika tatu. Aliendelea kufunga skrubu. Alipomaliza ndipo akanitazama, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo.

"Miye najua kama sitengenezake bombe," akasema. "Unakuja kuniambia miye kwa nini? Ende uambie bale."

"Na basipoamini?"

"Utakuwa umeshasema." Akatafuta mfuko wa plastiki, akaifunga maikrofoni ndani yake, akakaza fundo. "Ifunike, isiloane. Kesho bataihitaji."

Alijua. Alijua inteko ni ya nini, na alijua ni maikrofoni hiyohiyo watakayopokezana kuuliza juu yake. Na ameitengeneza vizuri. Nimeijaribu hapa sasa hivi, haikatiki hata nikiuvuta waya.

Nilipofika mlangoni nikamuuliza kama atakuja kesho. Akasema atakuja, yeye ni mkaazi, kwa nini asije.

Ukumbini filamu inakaribia mwisho. Najua kutokana na muziki. Bado kidogo nitajisikia nikiwaambia watu wamuangalie jirani yao, nao wataitikia "eeeh" kama kila siku. Na sijadanganya pote, nimegundua. Mtu aliyeponyoka yupo kweli, yuko kati yetu. Amekaa katika chumba kisicho na dirisha, ana maikrofoni mapajani.

Kesho chef akiuliza nani aanze, nitanyanyua mkono kabla ya wengine. Nitasema bila kuazima sauti ya mtu. Sijui nitasikikaje, tangu nianze kazi hii sijawahi kuijaribu yangu mbele ya watu. Kisha nitaomba waonyeshwe zile dakika tatu kwenye spika na televisheni ya Papa Jospin, Kiingereza chake chenyewe, mimi nikiwa nimefunga mdomo. Mkono wa mtu ukishikwa kwa mikono miwili, hauhitaji mtafsiri. Papa Jospin akikataa kutoa televisheni, nitasema hivyohivyo.

Na wakisema nimetishwa, sijui.

Papa Jospin husoma blogu hii, na chef pia. Ndiyo maana naibonyeza ichapishwe sasa hivi, kabla muziki ule haujafika mwisho, kabla sijajipatia sentensi nyingine nzuri ya kuponyokea.