Leo Mwezi Ngapi?

Jumatano, mwezi kumi na tano. Diani.

Asubuhi mvua ilinyunya kidogo, sasa jua limetoka na ua mzima unanuka majani mabichi. Nimekaa kwenye ngazi za mlango wa jikoni, mashuka ya mgeni yako kambani hayajakauka, na roho yangu haitulii.

Mliozoea kunisoma mtaona nimeanza vingine. Zamani ningeandika tarehe. Tarehe ninaijua, iko kwenye simu na iko kwenye daftari la wageni. Lakini nimeionea haya, na nitawaeleza kwa nini.

Mimi ndiye mwangalizi wa nyumba hii ya kupangisha. Ninafagia, ninapika, ninafungua geti mlinzi akiwa amekwenda kuswali. Mwezi uliopita tulipokea mgeni mmoja peke yake, mzee kutoka Korea, mwembamba, nywele nyeupe zimesimama kama brashi ya kusugulia sufuria. Ni mwandishi wa riwaya. Mlinzi alipoambiwa hivyo akaguna, "Na huyu naye, kazi yake ni kukaa?" Ni kweli anakaa. Anakaa barazani tangu asubuhi na kalamu yake, chai inapoa, yeye anaitazama bahari kama anayemsubiri mtu. Kiingereza chake ni cha polepole na changu ni cha chuo cha hoteli, kwa hiyo tunaelewana vizuri sana.

Ameandika vitabu kumi na kimoja, na vyote vinatokea katika mji mmoja, bandari ndogo ya kusini mwa nchi yao alikozaliwa. Aliponiambia nilicheka. Nikamwuliza, vitabu kumi na kimoja, mji mmoja, hayajaisha ya kusema? Akasema hayajaanza.

Nilimwonea wivu, siwafichi. Mimi kwetu nilikuandika mara moja tu, na hiyo mara moja ikanitosha.

Kwetu ni Msambweni. Kutoka hapa ni mwendo usiofika saa moja.

Nilikuwa sijakanyaga kwa mwaka mmoja na miezi saba.

Mama yangu ni mchokoaji pweza. Maji yakitoka, wanawake wa kwetu hushuka miambani na vijiti vyao, lakini msidhani wanakwenda ovyo. Kila mmoja ana matundu yake, aliyoachiwa na mamake, na tundu halitajwi. Mwanamke akipandisha na pweza watatu, mkamwuliza kawatoa wapi, jibu ni moja tu: "Baharini." Hata dada kwa dada hawaambizani. Mama aliachiwa jiwe lenye matundu hayo na marehemu bibi, na pamoja na jiwe akaachiwa sheria. Chukua pweza, nyumba yake iache. Usilipige jiwe. Akishatolewa huyu, mwingine atahamia, maana pweza naye anatafuta nyumba nzuri kama sisi sote.

Basi mimi na kiherehere changu nikaandika. Hapa hapa kwenye blogu hii. Wallahi niliandika kwa mapenzi. Nilieleza unashukia wapi, unaacha nini mkono wako wa kulia, unapiga hatua ngapi, jiwe lenyewe lina umbo gani. Nilitaka msomaji alione. Akaliona! Watu wakatumiana weee, na bamvua lililofuata, zile siku za mwezi kuandama au kupevuka ambapo maji hutoka mbali kabisa, wakaja vijana nisiowajua na mitaimbo yao. Walilibomoa jiwe lote. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu ulikiponza kichwa cha mama.

Mama hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Yeye kusoma hajui, jirani ndiye aliyemsomea nilichoandika, akakisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipigia simu.

"Umeandika vizuri, mwanangu," akasema. Akakata.

Tangu siku hiyo, kila nikipiga ananijibu kwa adabu. Salama, alhamdulillahi, wewe je, haya. Adabu ile ndiyo iliyoniua. Nikawa ninatuma leso, ninatuma sukari, ninatuma salamu na kila anayekwenda, kila kitu isipokuwa uso wangu. Kuna siku nilikuwa ninakaanga samaki hapa nikanusa harufu ya jiko la kwetu, nikazima moto nikakaa chini. Na mara ngapi nimeandika hapa "Mama, nisamehe"? Nimehesabu. Mara sita. Mlinipongeza sana, mkanitumia vile vijimoyo vyekundu.

Sasa turudi kwa mzee wangu.

Asubuhi moja ninampelekea chai, akaniuliza, "Leo mwezi ngapi?" Nikamjibu tarehe tisa. Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole juu mbinguni. Mwezi, akasema, ule. Nikabaki na birika mkononi. Kwao nako wazee wa pwani huhesabu kwa mwezi, na wana neno lao la siku ambazo bahari hujitenga na nchi. Siku hizo mamake alikuwa akishuka matopeni na kijembe na kikapu, kuchimba kombe, wale wanyama wa ganda wanaoliwa. Nikamwambia na sisi tunalo neno. Bamvua. Akaliandika, akalisema mara tatu, na toka hapo kila asubuhi kabla hata ya salamu ananipokea nalo: "Bamvua?" Nami ninamjibu, "Bado, Mzee."

Aibu iliyonishika siku ile, jamani. Mtoto wa mchokoaji pweza ninaulizwa mwezi na Mkorea, ninamtajia tarehe ya ofisini! Kwetu mtoto asiyejua leo mwezi ngapi huulizwa aliokotwa wapi. Nilikwenda kibarazani kwa mlinzi nikaomba kalenda ya msikitini, nikaanza kuhesabu upya. Na katika kuhesabu nikajikuta siku moja nimemweleza yule mzee yote, jiwe, mitaimbo, na yale maneno ya mama kwenye simu.

Aliweka kalamu chini. Kisha akasema na yeye alifanya hivyo hivyo.

Katika kitabu chake cha kwanza aliandika habari za mwanamke wa bandarini asiyejua kusoma, ambaye sokoni alikuwa akishika gazeti na kulitazama ili watu wasimgundue. Alikuwa ni mamake. Aliandika kwa huruma, anasema, aliandika huku analia. Mji mzima ukasoma. Siku iliyofuata mamake alipopita sokoni wakamwuliza gazeti linasemaje leo. Hakushika gazeti tena mpaka alipokufa, na kumi vilivyofuata vyote, mzee akaniambia, ni vya kumwomba msamaha.

"Kumi," akasema. "Kwa mtu asiyejua kusoma."

Halafu akaniuliza kama mama yangu anasoma. Nilikwenda kuanua mashuka, na hata hayakuwa yamekauka.

Jana Jumanne ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilikwenda.

Mzee alinipa mfuko wa mwani mkavu, aliokuja nao kutoka kwao. Alinieleza kwamba kwao siku ya kuzaliwa mtu hupikiwa supu ya mwani, kwa sababu mamake aliinywa alipomzaa. Mpelekee mama, akasema.

Nilipiga hodi mlangoni petu.

"Karibu, mgeni," akaitika mama.

Mgeni! Lilinichoma neno hilo. Alikuwa amekaa mkekani anachambua mchicha, na hakuinuka. Amepungua. Ukutani nyuma yake kijiti chake cha pweza kimetundikwa, na kimefumwa utando wa buibui kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nikidhani amehamia mawe mengine. Kumbe bahari kaiacha kabisa. Nilipouona ule utando machozi yakanitoka kabla hata sijaketi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Sikujua nianzie wapi, nikampa mwani. Akaufungua, akaunusa, akaugeuza.

"Huu si mwani huu?"

"Ndio, Mama. Wakorea wanakula. Siku ya kuzaliwa."

"Siku ya kuzaliwa?" Akaunusa tena. "Masikini. Hawana pilau?"

Akacheka. Si sana, alicheka puani tu, lakini ndicho kicheko chake, na nilikuwa nimekitamani mpaka mifupani. Nilipokisikia sikungoja tena. Yote niliyokuwa nimejipangia njiani yalipotea, nikapiga magoti pale pale penye mchicha nikamshika miguu. "Mama, niwie radhi. Nilikuvunjia jiwe lako."

Alichambua mashina matatu, manne ya mchicha. Radhi ni bora kuliko mali, tumelelewa tukiambiwa, na mimi pale nilikuwa maskini kuliko watu wote wa Msambweni.

"Leo mwezi ngapi?" akauliza.

"Kumi na nne."

Mikono yake ikasimama.

"Bamvua?"

"Keshokutwa, Alhamisi, litakuwa limeshika. Maji yatakuwa nje kabisa saa nne asubuhi."

Ndipo akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu niingie. "Nani kakwambia?"

Nikamwambia nimehesabu mwenyewe, na nikamweleza aliyenikumbusha kuhesabu. Alisikiliza habari za yule mzee na mamake na gazeti mpaka mwisho, kama alivyosikiliza nilichoandika mimi. Akauliza, mamake yuko hai? Nikasema hapana. "Basi nafasi imempita," akasema. "Mpe salamu zangu. Mwambie mwani wake nitautia nazi."

Akarudi kwenye mchicha wake. Kisha, bila kuinua kichwa: "Na wewe unadhani bibi yako alikuwa na jiwe moja tu?"

Nikainua uso.

"Njoo Alhamisi," akasema. "Njoo na miguu yako. Simu iache huko huko. Na hicho kijiti kitungue, kimekuwa kichafu."

Hakutamka kwamba amenisamehe. Sikumlazimisha. Nilikitungua kijiti, nikakifuta kwa ncha ya leso yangu mpaka kikang'aa, na yeye akanitazama nikikifuta.

Leo asubuhi mzee alikuwa barazani. "Bamvua?" akaniuliza. Nikamjibu, "Kesho." Alitabasamu akafumba macho. Nikamwambia mama anamsalimu, kisha nikamkaribisha, aje naye, walau asimame ufuoni atuone. Kila asubuhi alikuwa akiiulizia siku hii, na ninajua angeona nini pale. Angemwona mwanamke ameinama kwenye maji madogo, leso kaifunga kiunoni.

Aliitazama bahari, akatikisa kichwa.

"Nikienda nitaandika," akasema.

Akaniomba kitu kimoja tu. Nikirudi nimwambie maji ya asubuhi yalikuwa baridi kiasi gani miguuni. Nikamwahidi. Nilipofika jikoni nililia tena, na safari hii nilikuwa ninamlilia yeye.

Adhuhuri nilifuta kile nilichoandika juu ya jiwe la kwanza. Haisaidii, maji yakishamwagika hayazoleki, lakini nimekifuta. Na zile "Mama, nisamehe" sita nimezifuta pia, na vijimoyo vyenu vyote. Hazikuwa zake. Zilikuwa zenu.

Ruhusa ya kesho nimepewa. Simu nitamwachia mlinzi. Nitashuka nyuma ya mama, yeye na kijiti chake, mimi na kikapu, na atanionyesha jiwe la pili la bibi.

Mtaniuliza liko wapi. Nawajua.

Baharini.